Maji, umeme na taka: Tathmini ya mazingira inavyopaswa kuukagua mradi kabla haujajengwa

KILA mradi mpya wa ujenzi, uwe jumba la ghorofa, mtaa wa makazi, kiwanda au soko, huwa na mambo yanayoingia na mambo yanayotoka. Yanayoingia ni maji safi, umeme, watu na magari. Yanayotoka ni majitaka, maji ya mvua yasiyopata pa kunywea, moshi, kelele na takataka. Mwenye mradi aghalabu huyajua vyema yanayoingia, kwa kuwa bila hayo hapati mpangaji wala mnunuzi. Yanayotoka ndiyo huachiwa jirani, mto na serikali ya kaunti.

Kwa sababu hiyo, sheria ya Kenya inataka mradi wa namna hiyo ukaguliwe kabla ya ujenzi kuanza. Ukaguzi wenyewe huitwa tathmini ya athari kwa mazingira. Raia wengi huujua kupitia vibao vinavyosimikwa kwenye viwanja au matangazo ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) magazetini. Ni wachache wanaofahamu kwamba sura inayowahusu zaidi katika ripoti hiyo si ile inayoeleza uzuri wa mradi, bali ile inayohusu huduma: maji yatatoka wapi, majitaka yatakwenda wapi na takataka zitaishia wapi.

Sheria inasema nini

Msingi wa tathmini ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyoanza kutekelezwa Januari 2000 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015. Kanuni za kuongoza tathmini na ukaguzi zilichapishwa mwaka 2003. Mwaka 2019 orodha ya miradi inayohitaji kukaguliwa ilipangwa upya kwa kuzingatia uzito wa hatari: miradi ya hatari ndogo, ya wastani na ya hatari kubwa. Ile ya hatari ndogo huweza kuandikiwa ripoti ya muhtasari, ilhali ile ya hatari kubwa hulazimika kufanyiwa uchunguzi kamili.

Katiba ya mwaka 2010 iliupa utaratibu huu uzito zaidi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinataja haki ya kupata maji safi ya kutosha pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali iweke mifumo ya tathmini na ihimize umma kushiriki, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini hata kama hawezi kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Jedwali la Nne la Katiba hiyo nalo liligawa majukumu. Uzoaji na utupaji wa taka, usimamizi wa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na huduma za maji na usafi, ni kazi za serikali za kaunti. Kwa hivyo mradi mmoja huweza kuhitaji idhini ya NEMA, kibali cha ujenzi cha kaunti, barua ya kampuni ya maji, idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji endapo kuna kisima cha kuchimbwa, na makubaliano na kampuni ya umeme. Wingi huu wa afisi ndio mara nyingi huzaa pengo, kwani kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kulichunguza jambo.

Hesabu ya jengo moja

Ili kuelewa kinachopaswa kuchunguzwa, na uchukuliwe mfano wa kiwanja cha ekari moja kilichokuwa na nyumba moja ya familia ya watu sita. Nyumba inabomolewa na mahali pake panapendekezwa jumba lenye makao 120. Iwapo kila makao yatakuwa na watu wanne, wakazi watakuwa 480. Iwapo kila mmoja atatumia lita 100 za maji kwa siku, jumba litahitaji lita 48,000 kila siku.

Maji hayo hayapotei. Wahandisi huchukulia kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayotumika nyumbani hurudi kama majitaka. Hapo ni lita 38,400 kwa siku. Ikiwa hakuna bomba la kuyapokea, lori la kunyonya majitaka lenye tangi la lita 10,000 litalazimika kufika karibu mara nne kila siku, mwaka mzima, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Takataka nazo zina hesabu yake. Mkazi mmoja akizalisha nusu kilo kwa siku, jumba litatoa kilo 240, ambazo ni karibu tani moja na robo tatu kwa juma. Na kwa kuwa kiwanja kizima sasa kimefunikwa kwa paa na matofali ya sakafu, mvua ya milimita 50 itamwaga hapo takriban lita 200,000 za maji ambayo zamani sehemu kubwa yake ilinywewa na ardhi.

Tathmini iliyofanywa kwa makini huziweka tarakimu hizi wazi. Ripoti hafifu hutosheka kusema kwamba jengo "litaunganishwa na mfumo uliopo". Sentensi hiyo haijibu lolote. Swali si kama bomba lipo, bali kama bomba hilo lina nafasi, na kama mtambo ulio mwisho wake unaweza kuyasafisha yatakayoletwa.

Maji safi: Nani atapungukiwa?

Nairobi hutegemea kwa kiasi kikubwa bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994 na lina uwezo wa kuhifadhi meta za ujazo milioni 70. Tangu wakati huo jiji limepanuka mno, na Januari 2017 wakazi walianza kupewa maji kwa zamu. Katika hali ya namna hiyo, kila jumba jipya linalounganishwa hugawana maji na majumba yaliyotangulia.

Jibu la wawekezaji wengi limekuwa kuchimba visima. Lakini maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa kiwanja. Visima vingi vikichimbwa kwa karibu, kiwango cha maji hushuka na wenye visima vya zamani hulazimika kuchimba kwa kina zaidi. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na baadhi ya maeneo ya Nairobi, maji ya visima huwa na madini ya floraidi kwa wingi, jambo linalodhuru meno na mifupa. Tathmini haina budi kueleza umbali wa visima vilivyo jirani, kiasi kitakachovutwa na matokeo ya upimaji wa maji yenyewe.

Umeme na kelele za jenereta

Upande wa umeme huonekana mwepesi, ila nao una maswali yake. Je, transfoma iliyopo inatosha, au umeme wa majirani utakuwa ukififia jioni? Je, jenereta ya dharura itawekwa wapi, na moshi wake utaelekea dirisha la nani? Mafuta yake yatahifadhiwa vipi ili yasivujie mtaroni? Jumba la ghorofa nyingi hutegemea pampu kupandisha maji, hivyo umeme unapokatika, maji nayo hukatika. Ripoti inayochunguza umeme peke yake na maji peke yake haiuoni uhusiano huo.

Majitaka: Funzo la Kiserian

Hakuna mfano unaofundisha zaidi kuliko ule wa Kiserian, mji ulio chini ya vilima vya Ngong katika Kaunti ya Kajiado. Wamiliki kadhaa wa majengo mjini humo walishtakiwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma kwa madai ya kuelekeza majitaka kwenye mto unaotegemewa na umma. Wao walikwenda katika Mahakama Kuu kupinga mashtaka hayo.

Uamuzi uliotolewa Machi 2006 na majaji watatu ulikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, mashtaka yalitupiliwa mbali, kwani korti iliona kwamba wachache walikuwa wameteuliwa na kushtakiwa huku wengine waliokuwa katika hali hiyohiyo wakiachwa. Kwa upande wa pili, majaji hawakuwapa washtakiwa cheti cha usafi. Walisisitiza kwamba haki ya kuishi inajumuisha haki ya kuishi katika mazingira safi, kwamba hakuna mwenye ardhi aliye na ruhusa ya kuchafua maji ya wengine, na kwamba afisi za umma zenye dhamana ya maji na mipango ya mji haziwezi kukwepa wajibu wa kuhakikisha kuna mtambo wa kusafisha majitaka.

Uamuzi huo, uliotolewa miaka minne kabla ya Katiba mpya, umetajwa mara nyingi na mawakili na wasomi wa sheria za mazingira. Kiini chake ni chepesi kueleweka. Majengo yaliruhusiwa kusimama moja baada ya jingine, kila moja likihesabiwa kuwa dogo, hadi mji mzima ukawa unamwaga uchafu wake mtoni. Hakuna ramani ya jengo lolote, ikitazamwa peke yake, ambayo ingeonyesha tatizo hilo.

Ndiyo maana wataalamu husema tathmini yafaa ipime athari zinazojumlishana. Katika mitaa kama Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi, viwanja vilivyokuwa na nyumba moja moja vimejengwa majumba marefu. Majumba kumi ya mfano uliotolewa hapo juu yangetoa lita 384,000 za majitaka kila siku katika mabomba ya mtaa mmoja. Ripoti ya jumba la kwanza huweza kusema kweli kwamba nafasi ipo. Ripoti ya jumba la kumi ikinakili maneno hayohayo, itakuwa imedanganya.

Panapokosekana bomba, mwenye mradi anaweza kupendekeza mtambo wake binafsi wa kusafisha. Hilo linaruhusiwa, mradi maji yatokayo yawe yametimiza viwango vya kanuni za ubora wa maji. Kipimo kimojawapo huonyesha kiasi cha oksijeni ambacho uchafu uliomo ndani ya maji ungetumia unapooza. Kwa maji yanayoachiliwa moja kwa moja katika mazingira, kipimo hicho hakifai kuzidi miligramu 30 kwa kila lita. Ila mtambo ni mashine. Huhitaji umeme, fundi na bajeti. Tathmini yafaa iseme ni nani atakayeulipia mwekezaji akishauza nyumba zote na kuondoka.

Uchafu wa juu hufika chini

Mto Nairobi huungana na Mto Athi, nao Athi huteremka kupitia Ukambani, ukaitwa Galana na hatimaye Sabaki kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Katika Kaunti ya Makueni, serikali imekuwa ikijenga bwawa la Thwake mahali Athi inapokutana na Mto Thwake, likikusudiwa kuwapa wakazi maji ya matumizi ya nyumbani na ya kunyunyizia mashamba. Uchafuzi unaotoka jijini ni miongoni mwa mashaka makubwa yaliyoibuliwa kuhusu bwawa hilo. Kwa hivyo bomba linalopasuka katika mtaa wa Nairobi si kero ya mtaa huo pekee. Mama anayechota maji kilomita nyingi kutoka hapo ni jirani wa mradi huo, hata kama jina lake halimo katika orodha ya walioulizwa maoni.

Vivyo hivyo kwa maji ya mvua. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na katika mabonde ya Nairobi, Mathare ikiwemo, nyumba zilisombwa na maji. Baadaye makazi mengi yaliyokuwa kandokando ya mito yalibomolewa kwa amri ya serikali. Mvua ilikuwa kubwa, lakini kila paa na kila sakafu ngumu iliyo juu ya bonde huongeza kasi ya maji yanayowafikia walio chini. Mradi unaojali huweka matangi ya kuvuna mvua, mashimo ya kunywesha ardhi na mitaro inayolingana na wingi wa maji. Hayo yafaa yaonekane kwenye ramani, si katika ahadi za maneno.

Takataka: Zinapotoka langoni zinakwenda wapi?

Katika ripoti nyingi, suala la taka humalizwa kwa maelezo kwamba kampuni yenye leseni itaajiriwa kuzizoa. Ni kweli kanuni za usimamizi wa taka zinamtaka msafirishaji awe na leseni ya NEMA. Lakini leseni ya lori haielezi hali ya mahali lori linapokwenda.

Kwa Nairobi, mahali hapo kwa miongo kadhaa pamekuwa Dandora, jaa lililoanza kutumiwa katika miaka ya sabini na ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi iliagiza jaa hilo lifungwe katika muda wa miezi sita. Muda huo ulipita malori yakiendelea kumwaga. Ripoti ya tathmini inayotaja Dandora kama suluhu bila kutaja hali hiyo huwa inahamisha tatizo kutoka uani mwa mwekezaji hadi mlangoni mwa mkazi wa Korogocho.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilikusudia kubadilisha mwenendo huu. Inamtaka kila mzalishaji wa taka kutenganisha zile zinazooza na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia na kutumia upya vifaa vinavyofaa. Kwa mradi mpya, jambo hili lina maana ya moja kwa moja: chumba cha taka chenye nafasi ya mapipa tofauti, njia ya lori kuingia bila kuziba barabara, na mkataba unaotaja taka za kila aina zitapelekwa wapi. Ni rahisi kuweka chumba hicho katika ramani kuliko kukitafutia nafasi baada ya wapangaji kuingia. Hata vifusi vya ujenzi wenyewe havina budi kuandikiwa mahali vitakapomwagwa, maana mara nyingi huishia kwenye kingo za mito.

Nani huandika, na nani husoma

Ripoti huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, lakini anayemlipa ni mwenye mradi. Si kusema kwamba kila mtaalamu huuza kalamu yake. Hata hivyo, mpangilio huo ndio unaofanya ushiriki wa umma uwe nguzo ya zoezi zima, kwa sababu mkazi huyajua mambo ambayo mtaalamu wa siku mbili hawezi kuyaona: bomba linalofurika kila Aprili, saa ambazo mifereji hukauka, mtaro uliozibwa na jengo la jirani.

Kwa miradi inayohitaji uchunguzi kamili, kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na wale watakaoathirika. Ripoti ikishawasilishwa, NEMA hutoa tangazo la kuwaalika wananchi waisome na kutoa maoni, kwa kawaida ndani ya siku 30. Maoni hayahitaji wakili wala lugha ya kitaalamu. Barua inayotaja jina la mradi, tatizo linalojulikana na swali lisilojibiwa inatosha.

Leseni ikitolewa na mkazi asiridhike, kuna Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambako rufaa huwasilishwa ndani ya siku 60. Nguvu za jopo hilo zilionekana Juni 2019, lilipoifuta leseni ya mradi wa kuzalisha megawati 1,050 za umeme wa makaa ya mawe katika Kaunti ya Lamu. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo baada ya uchunguzi kukamilika. Mikutano ya kuutambulisha mradi, jopo liliona, haiwezi kuchukua nafasi ya kuwapa watu fursa ya kuijadili ripoti yenyewe.

Maswali ya kuuliza

Anayeishika ripoti ya mradi ulio karibu na kwake anaweza kuupima uzito wake kwa maswali machache. Je, kiasi cha maji na majitaka kwa siku kimeandikwa kwa tarakimu? Je, kuna barua ya kampuni ya maji inayothibitisha nafasi, na barua hiyo ni ya lini? Je, miradi mingine inayojengwa katika barabara hiyohiyo imehesabiwa? Je, mtambo wa mwisho na jaa la mwisho vimetajwa kwa majina na hali zake? Je, mpango wa usimamizi wa mazingira unataja nani atafanya nini, lini na kwa fedha zipi? Na je, mtambo au pampu ikiharibika, majitaka yatazuiliwa wapi?

Kazi haimaliziki leseni ikitiwa sahihi. Leseni huwa na masharti, na sheria inataka ukaguzi wa mazingira ufanywe mradi unapoanza kutumika, ili yaliyoahidiwa yalinganishwe na yaliyotendwa. Ripoti za ukaguzi pia ni kumbukumbu za umma, na mkazi anaweza kuziomba.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Bomba jembamba likishafunikwa kwa lami na jumba likishajaa wapangaji, korti inaweza kutoza faini, NEMA inaweza kutoa ilani, na kaunti inaweza kufunga lango; majitaka ya watu 480 yataendelea kutoka kila asubuhi. Siku 30 za kutoa maoni ndizo za bei nafuu kuliko zote katika maisha ya mradi, kwa kuwa ndizo pekee ambapo kosa linaweza kurekebishwa kwa kufuta mstari kwenye karatasi.